Kizibao cha Mabati Karibu na Mlango

Neno pasi lina kazi nyingi katika lugha hii, na jamaa mmoja alikuwa akilifanyia kazi mbili. Ujanani alikuwa mgawa mipira wa timu ya kikapu ya kiwanda cha saruji, mtu wa kutoa pasi. Goti lilipomwomba talaka akafungua chumba cha dobi, akawa mtu wa kupiga pasi. Jina la Pasi likamwandama kutoka uwanjani hadi mezani, na mpaka leo wateja wapya hudhani linatokana na chuma cha moto, na wale wa zamani hudhani linatokana na mpira. Mwenyewe hakuwahi kuamua ugomvi huo. Akiulizwa hujibu, "Yote mawili yanataka uuone mkunjo kabla haujatokea," kisha huendelea na kola.

Chumba chake kilikuwa chembamba kama korido iliyokata tamaa ya kufika mahali. Kulikuwa na meza iliyofunikwa blanketi lililoungua pembeni, chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, benchi ya wateja, na bomba la chuma lililotoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Bomba hilo ndilo lililokuwa sheria. Nguo iliyokwisha kupigwa pasi ilitundikwa mwisho kabisa, ikasogezwa mbele kadiri zilizotangulia zilivyochukuliwa, hadi ikafika mlangoni na kwenda zake na mwenyewe.

Juu ya benchi, ukuta wa pili, kulikuwa na bomba fupi lenye sheria ileile lakini raia tofauti. Hapo ndipo zilipotundikwa timu.

Dobi yeyote ana nguo ambazo wenyewe hawakurudi. Wengine hufa, wengine huhama, wengi zaidi hunenepa. Pasi hakuwa na moyo wa kuziuza nguo hizo, basi akazipa kazi. Kila mwaka ligi ya kulipwa ilipofika hatua ya mtoano na timu nane zikabaki kugombea kombe, alizitoa nguo nane sandukuni na kuzitundika: aliye karibu na mlango ndiye aliye karibu na kombe. Radi walikuwa blauzi ya manjano. Nyuki walikuwa sweta ya mistari. Farasi walikuwa suruali ya kahawia ya bwana mmoja aliyeaga kwamba anakwenda kupiga simu. Mabati, timu ambayo kwa kawaida ilifika mtoano kama mgeni aliyekosea nyumba, walikuwa kizibao cha bwana harusi, chenye kung'aa, ambacho hakuna aliyewahi kuja kukidai. Pasi hakutaka kukisia ile harusi iliishaje. Timu ikitolewa, nguo yake ilikunjwa na kurudi sandukuni.

Magazeti yalikuwa na wataalamu wa kufanya kazi hiyohiyo, tena kwa picha zao juu ya makala. Lakini mtaani watu waliuliza, "Pasi kapangaje?" na jibu lilitembea kutoka genge hadi kituo cha mafuta kabla ya jua kuzama.

Ukweli ni kwamba Pasi hakupanga peke yake. Kila Jumamosi alasiri ya msimu wa mtoano alikuja Mnara. Mnara ndiye aliyekuwa akisimama chini ya kikapu enzi za kiwanda, akipokea pasi za Pasi na kuzigeuza pointi, na sifa, na picha ukutani. Alikuwa mrefu kiasi kwamba aliingia mlangoni ameinama kama anayeomba radhi, na akikaa benchi, magoti yalimfika kifuani. Yeye alikuwa mtu wa hoja: nani kachoka, nani ana kifundo kibovu, kocha yupi hasemi na mshambuliaji wake. Pasi alikuwa mtu wa kusogeza hanga. Walibishana hadi pasi ya umeme ikapoa mezani.

"Farasi hawana benchi," Mnara alikuwa akisema. "Watano wakichoka, wanaoingia ni jamaa zao."

"Na Radi?"

"Radi wana benchi. Tatizo lao ni wale watano."

Mnara alikuwa pia shemeji yake. Alimwoa dada mkubwa wa Pasi mwaka uleule kiwanda kiliposhinda kombe la wilaya, ambalo ndilo kombe pekee lililowahi kuwajua. Kwenye kila sherehe ya familia Mnara alisimama, akagonga glasi, na kutangaza kwamba katika pasi zote alizopewa na shemeji yake, ile ndiyo iliyomfikia vizuri zaidi. Na kila mara dada alijibu kutoka alikokaa, "Mimi si mpira. Nilikuja kwa miguu yangu."

Dada huyo hakuwahi kutazama mchezo hata mmoja hadi mwisho. Lakini kila Jumamosi, jua likianza kuingia mlangoni na kuifikia miguu ya meza, alikuja kumwita mumewe, akasimama kizingitini na kulitazama bomba fupi kama mtu anayetazama dirisha la duka.

"Ile ya manjano na ile suruali haziendani," alisema. Kisha akaihamisha blauzi, akiitupa Radi juu au chini ya hoja za alasiri nzima, na kuondoka na mumewe.

Wanaume wale wawili, walioweza kugombana juu ya rebaundi, mpira mmoja uliogonga ubao ukarudi miaka ishirini iliyopita, hawakuwahi kuirudisha blauzi ile. Ubashiri uliotoka kwenda mtaani ulikuwa ule. Haukuwa na makosa mengi zaidi kuliko wa magazeti.

*

Dada alifariki mwaka juzi, wiki chache kabla ya mtoano. Mwaka ule nguo za timu hazikutoka sandukuni, na hakuna aliyeuliza, jambo ambalo mtaa ulilifanya kwa adabu isiyo ya kawaida yake. Mwaka jana pia hazikutoka, na adabu ilianza kuchoka. Mnara hakuonekana tena. Hata mashati yake hayakuletwa, maana mtu asiyetoka hahitaji shati lililonyooshwa.

Mwaka huu, siku timu nane zilipojulikana, Pasi alifunga mlango mapema na kwenda nyumbani kwa Mnara.

Alimkuta Mnara ameketi kwenye kiti kilichogeuzwa kuelekea dirishani, ingawa dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa alichokifuma marehemu. Pasi akakaa. Wakaulizana hali, hali ikawa njema, kama kawaida ya hali mbaya.

"Mtoano umeanza, shemeji," Pasi akasema.

"Umeanza?"

"Umeanza."

"Haya."

Pasi akajaribu tena. "Jumamosi nitazitoa zile nguo. Ukija, shemeji, utanisaidia na Nyuki. Mwaka huu siwaelewi."

Mnara aliendelea kuutazama ukuta wa jirani. "Usiniite hivyo," alisema polepole, bila ukali. "Aliyetufanya mashemeji hayupo. Mimi na wewe sasa ni watu wawili tuliowahi kufahamiana kiwandani."

Pasi akaaga. Jibu alilipata njiani, kama ilivyo desturi ya majibu, na lilikuwa zuri, akalirudia mara kadhaa hadi kwake, ambako halikuwa na kazi. Dada alikuwa wake pia. Na sasa, pamoja na dada, ilionekana atampoteza na yule aliyekuwa akikaa benchi.

Jumamosi akazitoa nguo sandukuni. Akazipangusa kwa brashi, akazipiga pasi moja baada ya nyingine, hata suruali ya yule bwana wa simu. Kisha akazitundika, na karibu kabisa na mlango, mahali pa bingwa, akaweka kizibao cha Mabati.

Wa kwanza kukiona alikuwa kinyozi wa chumba cha pili, mwenye televisheni iliyofanya watu wengi wanyoe nywele ambazo hazijaota. Alisimama mlangoni na mashine mkononi.

"Mzee Pasi, kile kimeanguka kikaangukia pale, au?"

"Kipo mahali pake."

"Mabati? Hao waliingia mtoano kwa sababu timu nyingine iliteleza siku ya mwisho."

"Aliyeingia kaingia."

"Wanaanza na Misumari! Misumari ndio walioongoza ligi."

"Akili ni nywele," Pasi akasema, "kila mtu ana zake."

"Kweli," kinyozi akasema, akimtazama kwa huruma, "na ninaowanyoa hutoka kwangu wepesi. Lakini wewe sikumbuki kukunyoa."

Kufikia jua kutua mtaa mzima ulikuwa umepata habari, ukagawanyika. Kundi moja lilisema Pasi amezeeka, la pili kwamba ule mvuke wa pasi hatimaye umefika kichwani.

Mpwa wake alipita siku iliyofuata. Alikuwa binti wa Mnara, mhasibu, akiishi na baba yake, na alikuwa na tabia ya marehemu ya kusimama kizingitini kabla ya kuingia.

"Mjomba, shikamoo. Hicho kizibao ni mzaha?"

"Marahaba. Mimi nafanya mzaha?"

Akatoa simu. "Hapa wanasema Radi wana asilimia thelathini na nne. Mabati wana moja. Tena nadhani wamewapa kwa heshima."

"Radi wana thelathini na nne za nini?"

"Za kuchukua kombe."

"Na zilizobaki ni za kutolichukua?"

"Ndiyo."

"Basi simu imesema watachukua ama hawatachukua. Mtu huwezi kumkamata mtabiri kama huyo." Akanyunyizia maji kola ya mteja. "Baba yako anatazama?"

"Hajafunua televisheni."

"Mwambie Pasi amewaweka Mabati wa kwanza."

"Hatasema kitu, Mjomba. Hata chumvi ikizidi hasemi."

"Sijakutuma ukalete jibu. Mwambie tu, halafu uendelee na shughuli zako."

Katika enzi za kiwanda, Pasi alikuwa na pasi moja ambayo wenzake waliiita ya uongo. Alitazama kushoto, mwili mzima ukaelekea kushoto, hata nyusi. Watetezi wakaenda kushoto. Na mpira ukatokea kulia, mikononi mwa Mnara, ambaye hakuwahi kudanganywa nayo kwa kuwa alikuwa akitazama miguu ya Pasi. Ubao wa matokeo uliandika jina la Mnara. Pasi haikuandikwa popote. Siku zile watu walihesabu vikapu tu, na Pasi hakulalamika, ingawa mara mojamoja, akipiga pasi shati la mtu mwenye cheo, alilifikiria jambo hilo.

*

Mpango wake ulikuwa na kasoro moja ambayo hakuitazamia: Mabati walishinda. Nyota wa Misumari aliteguka kifundo katika mchezo wa kwanza, wenzake wakapoteza njia, na Mabati wakapita kwenda nusu fainali wakiwa wao wenyewe ndio walioshangaa kuliko watu wote.

Kwa mtu aliyetaka kuonekana mpumbavu, hilo lilikuwa pigo. Kinyozi alikuja na kumwomba msamaha mbele ya wateja. Vijana wa kituo cha mafuta walianza kumsalimia kwa jina la Profesa. Bibi mmoja aliyeleta shuka alimuuliza, akiwa ameshusha sauti, kama anaweza pia kusema lolote kuhusu mvua.

"Mimi dobi tu," Pasi aliwaambia, akiwa na huzuni ya kweli, nao wakaichukua kuwa unyenyekevu. Mnara angekuja kusahihisha kosa, Pasi alijua. Kuja kupongeza hakukuwa katika tabia yake hata kabla ya msiba.

Mpwa akapita.

"Mjomba, Baba kasema kitu."

Pasi akaiweka pasi wima. "Kasema nini?"

"Nilimwambia Mabati wamepita. Halafu akasema, 'Mpumbavu.'"

"Mpumbavu nani?"

"Wewe."

"Una hakika?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, 'Mjomba wako.'"

Pasi akageukia ukuta wa nyuma akajifanya anatafuta hanga. Lilikuwa neno jema kuliko yote aliyoyasikia kutoka nyumba ile kwa muda mrefu. Aliporudi mezani alikuwa na uso wake wa kazi.

"Mwambie Mabati wana mtu mzuri chini ya kikapu."

"Wana mtu mzuri?"

"Hawana mtu. Mwambie hivyohivyo."

Jibu lilikuja kesho yake, naye mpwa alilileta akiwa amekunja uso ili asipoteze neno: "Amesema, mwambie yule kwamba anayesimama chini ya kikapu wa Mabati anaruka kama mtu anayevuka dimbwi na suruali mpya. Amesema Nyuki watawamaliza. Amesema ulikuwa hivyohivyo hata kiwandani, unapenda wanyonge halafu unawatafutia sababu."

"Ameyajuaje ya kuruka?"

Mpwa akatazama sakafu, akitabasamu kidogo. "Kitambaa nimekikuta kimekunjwa juu ya kabati."

Pasi akakanyaga benchi, na mbele ya macho ya mpwa akaichukua sweta ya Nyuki na kuipeleka mwisho kabisa, ukutani, mahali pa wanaokwenda nyumbani. Zilikuwa zimebaki nguo nne, na sasa zilikuwa zimepangwa kwa namna ambayo hata asiyejua mpira angeona zimevurugwa makusudi.

"Mwambie na hili," akasema.

Mpwa aliitazama sweta, akamtazama mjomba wake, akaitazama tena. Alikuwa mtoto wa baba yake. Bila shaka alikuwa ametazama miguu.

"Nitamwambia," alisema. "Na nitatia chumvi."

Ijumaa alileta shati. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu mno kwa binadamu wa kawaida, limejikunja kwa kukaa chini ya nguo nyingine. "Baba anasema lipigwe pasi."

Pasi alilipiga pasi siku ileile, kabla ya nguo za watu waliotangulia, dhambi ambayo dobi haifanyi hivihivi. Alianza na kola, akaja mabegani, akaiendea mikono polepole. Alipomaliza hakulipeleka mwisho wa bomba refu kama sheria inavyotaka. Alilitundika mbele kabisa, penye kizingiti, ambapo mtu akiingia linamgusa uso.

*

Jumamosi alasiri mwanga wa mlangoni ulizibika. Mnara aliingia ameinama. Alikuwa amekonda, na urefu wake, ambao zamani ulikuwa wa mnara, sasa ulikuwa wa ngazi. Hakusalimia. Aliligeukia bomba fupi, akalitazama kwa muda.

"Nani kaitupa Nyuki kule?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Wamechoka."

"Wamechoka na nini? Wamepumzika wiki nzima!" Akainua mkono, na bila kukanyaga benchi akaishusha sweta na kuirudisha mlangoni. "Nyuki. Wa pili Farasi, kwa sababu wamepata benchi sasa, wale vijana wawili. Radi wa tatu. Na hiki..." Alikishika kizibao kwa vidole viwili. "Hiki kilikuwa kinafanya nini hapa?"

"Kilishinda raundi ya kwanza."

"Kifundo cha mtu kilishinda raundi ya kwanza." Akakipeleka mwisho. Kisha akakaa benchi, magoti yakapanda mahali pake pa zamani. Akamtazama Pasi kwa muda mrefu, kuanzia usoni, akashuka hadi kwenye miguu.

"Ulikuwa unatazama kushoto," akasema.

"Mimi nilikuwa napiga nguo pasi."

"Mtaa mzima umecheka."

"Wacha wacheke. Nusu yao wananidai mashati."

Wakabishana. Walibishana juu ya Farasi na vijana wao wawili, wakaenda kwa makocha, wakateleza hadi kwenye ile rebaundi ya zamani, wakairudia yote kwa mikono hewani hadi kinyozi akachungulia, akaona, akarudi kwake taratibu na kupunguza sauti ya televisheni. Pasi ya umeme ikapoa mezani.

Jua likaingia mlangoni, likaifikia miguu ya meza. Wote wawili wakageuka kwa pamoja, wakatazama kizingiti. Hapakuwa na mtu. Gari lilipita, na vumbi lake likachukua muda kutulia.

Mnara akasimama. Akaitoa blauzi ya manjano pale ilipokuwa, kando ya suruali ya kahawia, akaileta hadi mlangoni, mbele ya Nyuki, mahali pa bingwa.

"Radi?" Pasi akauliza. "Sasa hivi umesema ni wa tatu."

"Ni wa tatu," Mnara akasema. "Lakini na ile suruali haziendani."

Pasi akaiacha palepale. Huo ndio ubashiri uliotoka kwenda mtaani jioni ile, na anayetumaini kusikia kwamba Radi walilichukua kombe ataudhika: Nyuki walilichukua, bila taabu, kama magazeti yote yalivyosema. Profesa alirudi kuwa dobi, na bibi wa shuka akatafuta pengine pa kuulizia mvua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile Mnara aliinama kutoka, akasita.

"Na shati langu?"

Lilikuwa likining'inia kiasi cha shibiri moja kutoka puani mwake, limenyooka. Pasi alikuwa akiitazama ndoo iliyokuwa pembeni, kushoto.

"Bado," akasema. "Njoo Jumamosi."

Mnara alilitazama shati. Akaitazama na miguu ya Pasi, kwa mazoea.

"Haya, shemeji," akasema, akaenda zake.